Mupira wa Chini Uko Baridi

Kamio ya Papa Ndikumana ilifika ku garaji ya Songo ikitoa moshi sawa nyungu ya maharagi yenye kusahauliwa ku moto. Basoda batano bakaruka chini. Komanda wao akamuelezea fundi Norbert: banapeleka masanduku ya risasi ku barabara ya Fizi, na toka Nyakabere moteri imechemuka mara ine. Afungue, aseme kama iko ya kutengeneza ao ya kuacha.

Papa Ndikumana alibaki ndani, mikono ku volani. Alikuwa anabebaka muchele mu ile kamio mpaka siku basoda balimukamata nayo, na komanda alimuambia ataachiliwa tu siku kamio itakufa.

Norbert akagusa mupira wa maji wa juu, ukamuunguza vidole. Akainama, akagusa wa chini, wenye kutoka ku rediateri, kwenye maji ya moteri inapoeshwa. Baridi. Maji haizunguke, kuna kitu kimeziba njia. Akajiingiza chini ya kamio, akafungua mupira, akatia kidole, akavuta. Kitambaa. Kipande cha shati ya bluu ya mistari, kimekunjwa vizuri na mikono ya muntu.

Shati ya Papa Ndikumana ilikuwa bluu, ya mistari, na upande wa nyuma ilikosa kipande.

Kuondoa tu kile kitambaa na kuweka maji, kamio inafika Fizi bila shida. Lakini komanda akikiona, muzee anakufa hapahapa ku garaji. Norbert akakirudisha ndani, akakisukuma mbali, akafunga.

“Imekufa,” akasema. “Kichwa cha moteri kimepasuka. Uvira muzima hautapata kingine. Muiache.”

Papa Ndikumana akafunga macho. Midomo yake ikatikisika kidogo, na Norbert akajua anashukuru Mungu.

Komanda akazunguka kamio, akapiga teke gurudumu, akauliza kama ni hakika. Norbert akasema ni hakika. Akauliza tena, polepole. Jibu ikawa ileile.

“Umesikia, Papa?” komanda akasema. “Kamio yako imepumzika. Sasa kamio ni weye.”

Basoda bakacheka mpaka bakashika tumbo. Bakamushusha muzee, bakamutwika sanduku moja ku kichwa, lingine ku bega. Alikuwa amepita miaka makumi sita, na goti yake moja ilikuwa haikunje toka zamani. Masanduku yenye kubaki bakagawanya bao wenyewe, bakinung'unika.

“Fundi,” Papa Ndikumana akasema. Shingo ilikuwa inatetemeka. “Mwanangu, angalia tena. Pengine iko nzima.”

Komanda akageuka. “Iko nzima?”

Norbert akafungua mudomo. Kama iko nzima, atasema ilikuwa na nini? Na yeye mwenye kudanganya, batamufanya nini?

“Miye nimesema imekufa, komanda.”

Muzee akamuangalia. Akaanza kutembea, akiburuta ule muguu. Mumoja wa basoda akamufuata nyuma akiigiza muungurumo wa moteri na mudomo, na wengine bakamuomba abadilishe vitesi, sawa kamio yenye kupanda mulima.

Muzee hakupita hata nyumba kumi. Goti ilimuacha, sanduku likamuangukia mugongoni, akashindwa kusimama. Bakamupiga mateke, akajaribu, akaanguka tena. Komanda akaangalia jua, akamupiga risasi moja. Kisha akanyoosha kidole ku garaji.

Norbert akapangusa mafuta ku mikono, akaenda kubeba masanduku.