Pamba Ukingoni mwa Trei

Habari hii nilipewa na Kija mwenyewe mwaka tisini na sita, tukichambua pamba kwangu Buhongwa. Alikuwa na kishungi mkononi, akakitazama, ndipo akaanza.

Kija alikuwa mtu wa tupa kwenye karakana ya Alnoor ya trei za bati za kubebea samaki, kule Igoma. Bati likishakatwa huacha meno upande wa chini, madogo kabisa, lakini yanachana nyama. Wanawake sita waliyakwangua kwa tupa, kisha wakapitisha pamba ukingoni. Pamba ikinasa, unarudia. Viwanda vya sangara vilipoongezeka, trei zikatakiwa nyingi, Alnoor akaleta mashine: bati linalazwa juu ya mpira unaotembea, linapita chini ya mkanda wa msasa, linatoka laini. Watano wakaambiwa wakapumzike nyumbani. Akabaki Kija.

"Mama Selina, pamba sasa basi," Alnoor alimwambia. "Inaacha manyoya kwenye mashine yangu."

"Haya, bosi."

Sasa, mtu wa tupa hulisimamisha bati mapajani meno yakiwa upande wa nje, yasimchanie kanga. Miaka saba Kija alilishika hivyo, na bati la hivyo ukililaza mbele yako, meno yanakaa chini. Na msasa ule ulikwangua juu tu. Alnoor alimwonyesha, meno yakae juu, naye akaitikia. Lakini siku ya trei arobaini za haraka, mikono ikafanya ilivyozoea.

Mabati yakakunjwa kuwa trei, zikapelekwa kiwanda cha samaki mchana ule ule. Jioni, akifagia, Kija aliokota kipande kilichobaki, akafungua pindo la kanga alimoficha pamba, akaipitisha ukingoni. Juu, safi. Chini, pamba ikaning'inia kama ndevu za mbuzi.

Akisema, kazi imekwisha. Akatia kipande kikapuni, akarudi nyumbani. Binti yake Selina alikuwa anavaa buti aingie zamu ya usiku kiwanda kile kile.

"Mwanangu, trei mpya usizishike chini ya ukingo."

"Kwa nini?"

"Usizishike tu."

Selina akaacha buti moja chini. "Na wenzangu je, mama?"

Kija akakitoa kile kipande kikapuni.

"Mpe msimamizi. Mwambie ni mkono wangu."

Asubuhi Selina alirudi, vidole vyake vizima. "Zimerudishwa zote. Lakini Teodora wa zamu ya mchana alishajikata vidole viwili. Ameshonwa." Akajitupa kitandani, akalala.

Kija akachukua tupa, akaenda. Trei zilikuwa zimerundikwa mlangoni pa karakana. Hakuna aliyemsalimia. Alikwangua mpaka jua likaelekea ziwani. Kwenye trei ya arobaini Alnoor mwenyewe aliomba pamba, akaizungusha ukingo wote. Haikunasa.

"Safi," alisema, bila kumtazama. "Kesho usije, Mama Selina."

Njiani alipitia kwa Teodora. "Trei zile ni mimi," alimwambia. Teodora, mkono umefungwa, akageukia ukutani.

Nyumbani Selina alikuwa ameshaondoka kwenda zamu. Kija hakupika. Alilala na kanga yake, pamba bado pindoni.