Mkono wa Kuazima

Baba yangu, Lamar Zeigler, anasifiwa kwa ukarimu kwenye kila uwanja wa udongo wa mbio za magari hapa Pennsylvania. Mtu akivunjikiwa chuma dakika chache kabla ya mbio, anaambiwa aende kwa Lamar. Anawaazima hata wapinzani, halafu anasimama na kikombe chake cha supu ya kuku na mahindi akipokea shukrani. Sifa zimemlevya, na Jumamosi ile zilinipandisha mori mpaka leo haujashuka.

Kaka yangu Trent ndiye dereva wetu, fundi ni mimi. Magari haya mepesi yenye bawa kubwa juu yanapigwa na mashimo kila mzunguko, na kinachoteseka zaidi ni ule mkono mfupi wa chuma unaounganisha springi na ekseli ya mbele. Ukikatika kwenye kona, gari halimsikilizi dereva tena. Linabiringika, na hakuna wa kulizuia. Kwa hiyo mimi sisubiri ukatike. Trent alipopinduka mwezi wa sita, niliufungua mkono wa kushoto nikaupaka rangi ya njano. Kwetu maana yake umestaafu, haurudi garini hata uonekane mzima vipi. Kwa kawaida ningeukata kwa msumeno palepale, lakini Baba alinizuia. Alisema atautengenezea taa ya sebuleni. Taa, jamani! Nikamwachia taa yake.

Jumamosi hiyo Kelsey Brandt, binti wa jirani yetu, aligongwa kwenye mbio za mchujo, mkono wa kushoto wa gari lake ukapinda. Baba hakungoja aombwe.

"Njoo, binti, sisi tupo!" akaita.

Nilikuwa chini ya gari letu nikibadilisha gia, nikasikia watu wakimmwagia sifa kama kawaida. Sikuwa na wasiwasi, kwa sababu tulikuwa na mkono mpya kwenye rafu ya trela. Nilipoingia kuchukua spana nikaukuta palepale, haujatolewa hata kwenye mfuko wake. Mezani palikuwa na kitambaa kinachonuka petroli, kimejaa rangi ya njano.

Nilitoka mbio. Magari haya hayana stata, yanasukumwa na pikapu mpaka injini ishike, na pikapu ilikuwa imeshagusa mgongo wa gari la Kelsey. Nikasimama mbele yake na kunyoosha mikono. Mwenye pikapu akapiga honi mfululizo.

"Toka hapo, we Janelle! Una wazimu?" Darla, mama yake Kelsey, alikuwa anakuja huku ameshika kofia mkononi.

"Sitoki! Huo mkono mliofunga umestaafu!"

"Katupa Lamar mwenyewe!"

"Ndiyo maana nimesimama hapa!"

Wasimamizi hawakuwa na muda na sisi. Gari la Kelsey lilivutwa pembeni, mbio zikaanza bila yeye, na ubingwa wa msimu aliokuwa anaukaribia ukaondoka na wengine. Msichana alikaa juu ya tairi akilia kwa hasira, glovu bado ziko mikononi.

"Haya, upimeni tumalize maneno," Baba akasema.

Niliupima mwenyewe mbele ya wote. Unapulizia dawa nyekundu, unaifuta, unapulizia unga mweupe. Kama kuna ufa, wekundu unajitokeza kwenye weupe. Tulisubiri, na weupe ukabaki weupe.

Baba akacheka. "Mmeona? Mzima kabisa! Umemharibia mtoto wa watu msimu kwa kiherehere chako."

"Fundi wa kike bwana," mmoja akasema nyuma yangu, wakacheka.

Darla hakucheka. "Nakwambia mbele ya watu, Janelle. Ukiniona njiani, usinisalimie."

Dawa ile inaona ufa uliokwisha kufunguka tu. Chuma kilichochoka hakikuambii chochote mpaka siku kinapokatika, na siku hiyo anakuwepo mtu ndani ya gari. Nani angenisikiliza? Nisiposubiri kivunjike, sina cha kuwaonyesha. Nikaenda kwenye trela, nikarudi na ule mkono mpya, nikamsogezea Baba usoni.

"Huu ulikuwa kwenye rafu. Kwa nini hukumpa huu?"

"Sikuuona."

"Hukuuona? Umesimama mbele yake unasugua rangi niliyopaka mimi, na hukuuona?"

"Punguza sauti, binti. Mimi ni baba yako."

"Nakuuliza, Baba!"

Akapuliza supu yake, ingawa ilikuwa imeshapoa. "Huo ni wa akiba."

"Akiba ya nani?"

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Darla alikuwa ameanza kuondoka, akasimama, kisha akarudi taratibu mpaka akawa ubavuni kwangu. Kelsey naye aliinuka kwenye tairi.

"Jibu, Lamar," Darla akasema. "Akiba ya nani?"

Baba alitazama kikombe, akatuangalia sisi watatu, akakosa pa kuweka macho.

"Ya Trent," akasema, na Kelsey akamsikia.