Robo Saa ya Bwana Thackray

Desmond Thackray alikuwa ameongoza filamu ishirini na mbili, na katika kumi na nne mimi, Enid, ndiye niliyemwandikia kumbukumbu: nani kashika kikombe kwa mkono gani, koti limefungwa vifungo vingapi. Mtoto wa muuza nyama wa Halifax, alianza kwa kubeba nyaya za taa, akapanda hadi kiti cha mwongozaji bila kumpigia mtu magoti. Nilimpenda. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: kurudia.

Ijumaa ile ya mwisho tulirudia mara kumi na moja kumimina chai tu. Ikafika saa kumi na moja na dakika kumi jioni, na Bi Hester Pym, mwigizaji wetu wa miaka sabini na moja, bado hajaigiza kumuaga mwanawe anayekwenda vitani. Jumatatu, nyumba ya mbao iliyojengwa studioni kwa filamu hiyo ingebomolewa, na wenye studio walishagoma kutuongezea siku. Kazi huisha saa kumi na moja na dakika ishirini. Kuongeza robo saa, kwetu, lazima wafanyakazi wapige kura.

"Jamani, bosi anaomba robo saa," akasema Wilf Ogden, fundi taa, mwakilishi wa chama chetu. "Mnampa?"

"Watanipa," Desmond akasema, akiwasha sigara. "Enid peke yake ni kura tano."

"Hapa kila mtu ana kura moja, bosi. Wewe huna hata hiyo."

Watu wakacheka. Mikono kumi na saba ikapanda. Kumi na minane ikabaki chini, na wangu ulikuwamo. Robo saa ikakataliwa kwa kura moja.

"Enid, mkono umekufa ganzi?"

"Mzima kabisa. Una dakika nane. Mwite Bi Hester."

Hakuwa na muda wa kunigombeza. Kamera ikawashwa. Bi Hester akamtazama mwanawe mlangoni, akasahau maneno yote aliyoandikiwa. Akamfunga kifungo cha juu cha koti, akalipangusa bega lake, akaingia ndani. Desmond alipofumbua mdomo aseme "tena", dakika zikawa zimekwisha, na Wilf akazima taa. Wanasema haraka haina baraka. Siku ile ilikuwa nayo.

Jumatatu tuliitazama picha ile, mimi na Desmond tu.

"Ungepewa robo saa," nikamwambia, "Bi Hester angeyakumbuka maneno."

Akajipangusa macho, wala hakunificha.

"Filamu ijayo nitaomba tena," akasema. "Uninyime."