Kanisa Lililokuja Mazishini

Vigae vya paa la kanisa la kijiji cha Montbrel vilianguka wakati wa baridi, na meya, Thibaud Lecourt, akalifunga kanisa kwa kufuli na kizuizi cha chuma. Fundi alikuwapo, na ngazi alikuwa nayo. Lakini kanisa linalindwa na serikali, na ofisi ya majengo ya kale ilitaka vigae vya mawe kutoka machimbo yaleyale ya zamani. Machimbo hayo sasa ni bwawa la bata. Ofisi iliambiwa hivyo. Ikajibu kwamba inasubiri vigae.

Mwezi wa Aprili akafa Armand, aliyepiga kengele ya kanisa hilo tangu ujana wake. Mjane wake, Huguette, alitaka aingizwe kwa mlango uleule waliotokea siku ya harusi.

“Misa itakuwa kwenye ukumbi wa kijiji,” meya alimwambia.

“Ukumbini tunacheza bingo, Thibaud.”

“Mama Huguette, kigae kikimwangukia mtu, jela naenda mimi.”

“Armand kigae kitamfanya nini? Si ameshakufa?”



Siku ya mazishi, jeneza lilipofika ukumbini, lilikuta kanisa limeshatangulia. Lilikuwa limesimama kwenye maegesho, msingi umejaa matope ya bustani ya mwoka mikate, lilikokatiza. Watu wakasogeza magari yao. Padre, mwenye vijiji vingi na muda mchache, aliuliza waingie wapi.

Huguette alijaribu mlango. Kufuli lilikuwa mahali pake.

“Limekuja lenyewe, Thibaud. Fungua basi.”

“Limekuja na paa lilelile, mama.”

Misa ikasomwa ukumbini, chini ya ubao wa bingo, kanisa likisikiliza dirishani. Watu walipopanga foleni kulinyunyizia jeneza maji ya baraka, kengele ilijipiga taratibu, kwa mapigo ya Armand. Huguette hakulia. Alikuwa na hasira mno.

Mchana akaja mkaguzi wa ofisi, akasema jengo linalolindwa halisogezwi hata hatua moja bila kibali. Paa hakulitazama.

Kanisa lilirudi kabla ya chakula cha jioni, ila liligeuka. Sasa limeipa kisogo ofisi ya meya, na mlango wake unatazama kaburi la Armand. Meya alihamishia kizuizi upande huo. Kila Jumapili Huguette huenda na kiti cha kukunja, akakaa kati ya mumewe na kufuli. Mvua ikinyesha, husikia maji yakidondokea mabenchi ndani. Ofisi inasubiri vigae.