Mizani ya Uwanja wa Ndege

Haya, nawategea, na asiyejua asimtazame mwenzake usoni: mbawa anazo lakini hatagi, huwameza watu Mbeya akawatapika Iringa wakiwa hai, na kabla hajawameza huwapima uzito. Nani huyo? Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Nipeni Iringa yote na baridi yake. Haya, nimekwenda, nimekula, nimerudi: mnyama wenu ni ndege ya abiria. Na huyu ninayewasimulia alitaka kuipanda kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, maana mama yake alikuwa anaumwa.

Aliitwa Mwanakhamisi, mke wa Halfani, muuza vitambaa wa Mbeya. Mwaka ule wa hamsini na saba masika yalipiga mpaka barabara ya Iringa ikakatika Chimala, mabasi yakalala kwenye tope. Jumanne asubuhi, bombani, jirani yake Matilda akamuuliza, "Mama Mrisho, simu ya maandishi ya kwenu imesemaje? Nasikia tarishi wa posta aliipeleka dukani."

Simu gani? Mwanakhamisi akaacha ndoo palepale, akaenda dukani miguu mitupu.

"Baba Mrisho, kuna simu?"

Halfani alikuwa anakunja kaniki. Dada yake, Bibie, alikuwa amekalia robota la nguo, anakunywa chai, na ndiye aliyejibu.

"Ipo, wifi. Mama yako hajiwezi kidogo. Tulikuwa tunatafuta namna ya kukwambia, usije ukatuangukia."

"Ilifika lini?"

Halfani akapima kitambaa kwa mkono, kisha akakipima tena kilekile. "Utakwenda kwa ndege," akasema. "Nitakupangia safari mimi mwenyewe."

Ndege! Neno hilo likamwondolea swali mdomoni. Ndege ilipita mara mbili kwa wiki, Jumatano na Jumamosi, ikitoka Mbeya ikatua Iringa, halafu ikaendelea Dar es Salaam. Saa moja tu angani, mtu yuko kwa mama yake.

"Basi kesho!"

"Ya kesho imejaa. Wazungu wa mashamba wamechukua viti vyote. Jumamosi."

"Na heri iwe hivyo," Bibie akadakia, "maana Ijumaa ndiyo harusi ya Kudra wangu. Pilau ya watu mia mbili ataipika nani? Mimi? Wageni watakula makaa."

Jioni ile Bibie akamfundisha safari, wanawake wa nyumba wamemzunguka wanamenya vitunguu saumu.

"Kule wanakupandisha kwenye mizani, wifi, wewe na kapu lako. Ratili mia na arobaini, basi. Ukizidi wanakushusha, wenzako wanapaa, wewe unawapungia mkono."

"Kwa makalio hayo," mmoja akasema, "watamfunga mkiani kwa kamba!"

Wakacheka mpaka vitunguu vikamwagika. Mwanakhamisi naye akacheka. Kesho yake alfajiri akaenda kwa Philbert, muuza mchele wa Ubaruku, akamwomba apande kwenye mizani yake ya magunia.

"Gunia hili linauzwa?" Philbert akamtania. "Ratili mia na thelathini na tisa, shangazi. Na kapu bado."

Tangu hapo akaacha kula. Alipika asile, akaonja chumvi kwa ncha ya ulimi akatema. Alikuwa amemwekea mama yake mchele, tangawizi, kanga doti mbili na debe dogo la asali. Mchele akautoa. Doti moja akaitoa. Asali akaimimina kwenye chupa ya dawa, ikabaki ya kulamba tu.

Jumatano hiyohiyo, saa nne, alikuwa uani anachagua mawe kwenye mchele wa harusi aliposikia muungurumo. Ndege ilipita juu ya paa la jiko, inaelekea Iringa. Akaweka ungo chini, akawaombea dua walioipata nafasi.

Alhamisi Bibie alitoka dukani, akasimama mlangoni mwa ua, akamtazama anavyopepeta.

"Endelea, wifi," akasema, akarudi alikotoka.

Ijumaa masufuria yalichemka toka alfajiri. Mwanakhamisi alizunguka moto na kizunguzungu cha njaa, moshi machoni, moyo Iringa. Wageni walioingia jikoni walimshika mkono wakachelewa kuuachia. Mzee mmoja wa kike akaanza, "Mwanangu, pole sana na..." Bibie akamvuta buibui, akampeleka kwa bibi harusi.

"Mbona umenuna, wifi?" Bibie akarudi akimkaripia mbele za watu. "Unamtia mwanangu mkosi. Vigelegele viko wapi?"

Mwanakhamisi akapiga kigelegele. Alikuwa na sauti nzuri sana. Wanawake wote wakanyamaza, hakuna aliyempokea, kikabaki kinalia peke yake mpaka pumzi ikamwishia. Akadhani wamemwonea wivu.

Jumamosi Halfani akampeleka uwanjani. Karani wa ndege, kijana aitwaye Edmund, akampandisha kwenye mizani na kapu lake.

"Mia na thelathini na moja, mama. Pamoja na kapu."

"Sikuzidi?" akauliza kwa furaha, midomo imempauka. "Hamnishushi?"

"Kukushusha? Nani kakudanganya? Tunapima ili tujue mzigo ukae mbele au nyuma. Huwa tunabeba wanene mara mbili yako." Akaandika kwenye karatasi yake. "Nafasi tele. Jumatano ndiyo kabisa, tuliruka na viti sita vitupu."

Mwanakhamisi hakushuka kwenye mizani. Akamgeukia mumewe, aliyesimama ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Baba Mrisho, simu ilifika lini?"

"Shuka kwanza, watu wanangoja."

"Ilifika lini?"

Kwenye nyasi, injini ya ndege ikawaka. Halfani akatazama viatu vyake.

"Ya kuumwa ilifika Jumatatu," akasema. "Ya msiba, Alhamisi."