Kikohozi

Mnunuzi wa kawaida akisikia pikipiki inakohoa, hukunja uso, huizunguka mara mbili, kisha huanza kutafuta namna ya kuaga. Kinyozi alipoisikia hii ikikohoa alicheka peke yake, mpaka mwenye mali akaingiwa na wasiwasi.

"Sitaki kukuficha," alisema mwenye mali, mwalimu mstaafu, mtu mkweli kupita kiasi kwa anayeuza vitu vilivyotumika. "Ina hicho kikohozi. Kho, kho, kho, halafu pa. Niliinunua ikiwa hivyo. Mafundi wamenisumbua niitengeneze, lakini mimi huenda nayo sokoni tu, nikaona ya nini."

"Umefanya la maana sana, mwalimu," alisema Kinyozi. "Hebu washa tena."

Mwalimu akawasha tena. Kho, kho, kho, pa. Kinyozi alifumba macho, na hapo hapo akawa mtoto wa darasa la nne anayemsikia baba yake akikata kona ya darajani, na mama jikoni akisema, "Kikohozi hicho, kimekuja." Mama ndiye aliyeipa ile pikipiki jina, na Kinyozi siku zote aliamini lilikuwa jina la mapenzi.

Alikuwa ameiona kwanza kwenye simu ya mteja, akiwa katikati ya kumnyoa. Picha ya pikipiki inayouzwa, mji ulio mbali, mwendo wa siku nzima. Tangi la buluu, bonde dogo ubavuni mwa tangi, na kiti kilichoshonwa na mama yake kwa uzi wa kijani kwa sababu mweusi ulikuwa umeisha. Mkono wa Kinyozi ulisimama. Mteja yule alitoka dukani akiwa na sikio moja limezungukwa vizuri na lingine limeachwa porini, na hajarudi tena mpaka leo.

Sasa isije ikadhaniwa Kinyozi alikuwa na shida ya usafiri. Alikuwa na shida na baba yake. Macho ya mzee yaliingia giza polepole, akaiuza pikipiki alipomgonga ng'ombe aliyesimama. Mwaka uliofuata mama akafariki. Tangu siku ya mazishi mzee hakuvuka kizingiti cha nyumba yake. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango, akala alicholetewa, akasikiliza barabara. Masikio yake yalikuwa makali. "Huyo ni mwenye duka, gari lake linalia mkanda." "Hilo ni lori la mchanga, linarudi tupu." Alijua kila aliyepita, lakini hakuna aliyemfanya ainuke.

Kinyozi alikuwa na jambo moja tu kichwani. Baba akisikia kikohozi kile kwenye kona ya darajani, atainuka. Alilisema jambo hilo kwa dada yake aliyekuwa akiishi na mzee, na dada akamjibu, "Mdogo wangu, nimempikia, nimemwimbia, nimemgombeza. Wewe jaribu na chuma chako."

Alimlipa mwalimu, na kesho yake saa kumi na mbili asubuhi akaondoka na pikipiki, bila chai. Alikuwa hajalala usiku uliotangulia, na haikuwa mara ya kwanza wiki ile. Barabara ilikuwa nzuri, anga safi, na mtu mwingine angefurahia safari. Yeye kila baada ya kilomita chache alisimama kando, akapunguza moto, akainamisha kichwa kusikiliza. Kho, kho, kho, pa. Bado kipo. Akapanda tena. Akaendesha kidogo, akahisi kikohozi kimefifia, akasimama tena. Jamaa mmoja aliyekuwa akikata nyasi barabarani alimwona akiweka sikio karibu na injini, akaacha panga, akamuuliza kama kuna anayeumwa.

Alimpigia dada simu saa tatu. "Amekaa wapi?"

"Alipokaa jana."

Saa nne akapiga tena. "Mlango uko wazi? Asije akawa amefunga mlango nikipita."

"Ukinipigia tena nitaufunga mimi," dada alisema, akakata.

Saa tano tairi la nyuma likaisha upepo. Bahati ilikuwa upande wake, au alidhani hivyo, kwa maana mbele kidogo palikuwa na banda la fundi. Fundi mwenyewe alikuwa mzee mfupi mwenye kofia ya sufu, mtu wa heshima. Alimtazama Kinyozi akija anaikokota pikipiki inayonguruma, akatega sikio, uso ukamsinyaa.

"Ni pancha tu, fundi," Kinyozi alisema.

"Nimeona pancha. Na wewe mwenyewe unaonekana umeisha upepo. Kuna benchi pale kivulini."

Kinyozi alikaa kidogo tu, apumzishe mgongo. Alipofumbua macho jua lilikuwa limehama, na pikipiki ilikuwa imesimama mbele yake, imefutwa vumbi hadi inang'aa. Fundi alikuwa akipangusa mikono taratibu.

"Washa," fundi alisema.

Kinyozi akawasha. Injini ilinguruma kwa upole, sauti moja laini isiyokatika. Alingoja. Aliongeza moto, akapunguza, akaongeza. Hapakuwa na kho wala pa.

"Umefanya nini?" aliuliza.

"Ekzosi ilikuwa na ufa, nimeuchomelea. Kabureta imejaa uchafu wa miaka, nimeisafisha. Plagi nimebadilisha. Hicho kikanyagio cha abiria cha kushoto kimepinda, hicho nimekiacha, gesi imeniishia." Fundi akatabasamu. "Hayo yote zawadi, utalipia pancha tu. Nimeshindwa kuvumilia mlio ule, ndugu yangu. Nisingepata usingizi."

Utamwambia nini mtu kama huyo? Kinyozi alitaka kulia na alitaka kumrukia. Akafanya vile tulivyolelewa kufanya. Akashukuru, akampa mkono, akaondoka, na machozi yalimtoka akiwa barabarani peke yake.

Alichokosa sasa ni subira. Aliendesha haraka, kisha polepole, kisha akajiuliza anakimbilia wapi na pikipiki isiyo na sauti. Kwenye mji uliofuata akaona banda lingine. Fundi wa hapo alikuwa mama mmoja mnene mwenye ovaroli, anakula muwa.

"Shikamoo mama. Naomba uniharibie pikipiki."

Yule mama aliacha kutafuna. Alimtazama juu mpaka chini kama anayetafuta alipoumia.

"Marahaba. Rudia hapo."

Kinyozi akamweleza kila kitu, baba, kona, kikohozi, mama jikoni. Mama fundi alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akatikisa kichwa.

"Mwanangu, mimi kuharibu naharibu, tena bila kuombwa, uliza wateja wangu. Naweza kuitoboa hiyo ekzosi sasa hivi. Lakini italia kilio kingine. Kile chenu kilijitengeneza chenyewe miaka na miaka. Baba yako atasikia pikipiki mbovu ya mtu mwingine." Akampa kipande cha muwa. "Nenda nyumbani."

Saa kumi na moja jioni alifika kona ya darajani. Alisimama. Nyumba ilionekana, mlango wazi, na ndani ya mlango goti la baba yake. Alifikiria kurudi. Alifikiria hata kukohoa mwenyewe, kwa mdomo, na tusimcheke, kwa sababu alijaribu mara moja kwa sauti ndogo. Kisha akakata kona, akafika uani, akazima.

Goti halikusogea.

"Karibu," baba alisema kutoka ndani. "Nani mwenzetu?"

"Ni mimi, baba."

"Wewe! Umeletwa na pikipiki ya nani? Ina sauti nzuri."

Hapo Kinyozi akashindwa. Alikuwa amepanga kusema maneno mengine, lakini yalitoka haya, kwa sauti ya mtoto aliyevunja sahani. "Ni Kikohozi, baba. Ni ile yako. Nimeifuata mbali nikuletee uisikie. Fundi ameiharibu njiani."

"Ameiharibu vipi?"

"Ameitengeneza."

Dada alitokea mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Ndipo goti likasogea. Mzee alishika mwimo wa mlango, akainuka, akavuka kizingiti, akaja uani akipapasa hewa mpaka viganja vikagusa tangi. Kidole kikaingia kwenye lile bonde dogo. Kikashuka kwenye kiti, kikafuata uzi mshono kwa mshono.

"Washa," alisema.

Kinyozi akawasha. Mzee alisikiliza kwa muda mrefu.

"Mama yako aliniomba hili miaka kumi na minane," alisema. "Alikuwa anaona aibu kufika nayo kwa watu. Tukienda kwa ndugu zake alinisimamisha mbali, akashuka, akamalizia kwa miguu. Kikohozi, aliiita, na mimi nikicheka. Kila mara nikamwambia wiki ijayo."

Mzee alizunguka kwa nyuma, akashika bega la mwanawe, akajipandisha kwenye kiti cha abiria. Alikaa upande, miguu yote miwili kushoto.

"Baba, kaa kwa kutanua miguu, utaanguka."

"Nimekaa alivyokuwa anakaa."

Mzee hakuwahi kukaa pale. Siku zote alikuwa mbele. Akashusha miguu ikatafuta pa kukanyagia, ikakipata kile kikanyagio kilichopinda. Akasogea. Akainua mguu, akaurudisha, akasogea tena, lakini chuma kilimkata pale pale chini ya unyayo.

"Hiki kimepinda," alisema.

"Tangu tulipoanguka getini pa shule, baba. Nilikuwa darasa la sita."

"Na alikuwa anakanyaga wapi?"

"Hapo hapo."

Mzee hakuuondoa mguu.

"Hiki hakuniambia," alisema.

Kinyozi alimwona dada yake akifuta uso kwa mkono ulioshika mwiko.

"Fundi wa hapa kwetu hufunga saa ngapi?" mzee aliuliza.

"Saa kumi na mbili. Tunaweza kwenda kesho asubuhi, baba, umechoka."

"Twende sasa," mzee alisema, akamshika kiunoni.