Mtungi wa Bwana Kaitano

Tangu atoke utumwani, Mwanakheri wa Ng'ambo alikuwa na hamu moja: apigwe picha akiwa na kanga mpya, viatu miguuni na mwavuli mkononi. Siku moja akajipamba, akavuka daraja kwenda mjini kwa Bwana Kaitano, mpiga picha wa Kigoa, mtu wa Bara Hindi.

Kaitano akauchukua ule mwavuli, akauweka pembeni. Akafunua kitabu chenye picha za sanamu za Wayunani wa kale, wanawake wa mawe waliosimama mabega wazi.

"Simama kama huyu, Bi Mwanakheri. Teremsha kanga begani, vua viatu, ubebe mtungi huu. Uzuri wa mwili ndio huu."

"Mie nnataka picha yangu, Bwana. Huyo si mie."

"Jaribu kidogo tu."

Kanga hakuiteremsha, ila alivua viatu na kuubeba mtungi, kwa kuchoka kubishana. Kaitano akawa hamalizi: kidevu juu, goti mbele, usicheke. Bega likaanza kumuuma palepale alipokuwa akibebea maji ya bibi yake wa utumwani miaka yote ile.

Akautua mtungi. "Maji nshachota ya kutosha. Nipige picha na mwavuli wangu."

"Picha za wanawake na miavuli nnazo tele," Kaitano akasema, akafunika kamera yake.

Mwanakheri akavaa viatu, akachukua mwavuli wake, akarudi Ng'ambo. Jirani yake, Bi Time, alikuwa akimngoja mlangoni.

"Picha iko wapi, mwenzangu?"

"Hakunipiga," akajibu. "Alimtaka mtu mwengine."